Joseph Dent: fundi wa majalada aliyeshusha vitabu vikubwa hadi shilingi moja

Mwaka 1906, ndani ya mji wa London, kitabu kipya cha hadithi kiliuzwa shilingi 6. Kibarua wa kawaida alipata shilingi 20 hadi 30 kwa juma, na ndani ya hizo alipaswa kutoa pesa ya nyumba, ya makaa, ya mkate na ya viatu vya watoto. Kitabu kimoja kilikula karibu robo ya mshahara wa juma nzima. Watu wa namna ile walijua kusoma, juu watoto wa Uingereza walikuwa wamekwisha kuwekwa shuleni kwa sheria tangu miaka mingi. Kilichokosekana kilikuwa makuta.

Mwanzoni mwa mwaka ule, wauza vitabu wakaanza kupanga juu ya meza zao vitabu vidogo 50 vya mfululizo mmoja, Everyman's Library, ni kusema maktaba ya kila mtu. Vilikuwa na jalada la kitambaa, maua ya dhahabu kwenye mgongo, na ukubwa wa kuingia ndani ya mfuko wa koti. Bei ilikuwa shilingi 1. Ndani yake hazikuwa hadithi za kupoteza wakati ndani ya treni. Walikuwa waandishi wakubwa wa zamani, wale ambao mwenye mali aliwaweka nyuma ya kioo sebuleni.

Aliyevitoa alikuwa mzee wa miaka 56, mfupi, mwenye kuchechemea, aliyeanza maisha akiwa fundi wa kushona na kufunika vitabu vya watu wengine. Jina lake Joseph Malaby Dent.

Mtoto wa mpaka rangi

Dent alizaliwa tarehe 30 mwezi wa nane 1849 ndani ya mji wa Darlington, kaskazini mwa Uingereza, eneo la makaa ya mawe na reli. Baba yake alipaka rangi nyumba za watu. Joseph alikuwa mtoto wa kumi. Nyumba yenye watoto kiasi kile na mshahara wa mpaka rangi haihitaji maelezo mengi kwa msomaji wa huku kwetu: shule iliisha mapema, kijana akapelekwa kujifunza kazi. Kwanza aliwekwa kwa mchapaji. Pale hakuenda vizuri, akahamishwa kwa mjalidi, yule fundi anayeshona kurasa pamoja na kuzivisha ngozi ao kitambaa. Mikono yake ilipenda kazi ile.

Lakini kitu kilichomgeuza hakikutoka kwenye karakana. Kilitoka kanisani. Makanisa ya Kiprotestanti ya wakati ule yalikuwa na vikundi vya vijana wafanyakazi vilivyokutana jioni kusudi wafundishane wao kwa wao. Hakukuwa mwalimu wala diploma. Kila mmoja alipewa zamu: utafute jambo, ulisome, uliandike, uje kulisoma mbele ya wenzako, kisha wao wakuulize maswali. Zamu ya Dent ilipofika alikuwa na miaka 15 hivi. Akapewa kuzungumza juu ya Samuel Johnson, yule mwandishi wa karne ya 18 aliyetunga kamusi kubwa ya Kiingereza ya mwaka 1755.

Ili aandike karatasi yake, kijana alipaswa kusoma maisha ya Johnson kama yalivyoandikwa na rafiki yake, James Boswell. Ni kitabu kinene. Kilimkamata. Johnson alikuwa mtoto wa muuza vitabu aliyeishiwa, mtu wa nguo chafu na tabia za ajabu, aliyelala njaa mara nyingi. Na bado wakubwa wa nchi, wachoraji, wabunge, matajiri, walikuja kukaa mezani kwake kumsikiliza. Fundi mdogo wa Darlington hakuwahi kuona jambo la namna ile. Kwao mtu alisalimiwa kulingana na koti lake. Kumbe kulikuwa na fasi nyingine ambako mtu alipimwa kwa maneno aliyoyajua na namna alivyoyatumia.

Toka siku ile Dent akawa mtu wa vitabu. Alivyovigusa kazini vilikuwa vya wateja. Alivyovitaka mwenyewe viliuzwa bei ambayo mwanafunzi wa kazi hakuiweza.

London, na Shakespeare wa kila aina

Mwaka 1867 akaenda London kutafuta maisha. Mwaka 1872 akafungua karakana yake mwenyewe ya majalada. Alijulikana kwa kazi safi ya ngozi, lakini pesa ilikuwa ya shida. Alioa mapema, watoto wakaja, madeni nayo yakaja. Miaka 16 alifunga vitabu vya wengine kabla ya kuthubutu kutoa cha kwake. Mwaka 1888 ndipo akaanza kuchapisha, na kitabu chake cha kwanza kilikuwa insha za Charles Lamb, kizuri kwa macho, chenye michoro. Vitabu vile vya kwanza vilikuwa vya mtu mwenye pesa kidogo. Dent alikuwa fundi, na fundi anapenda kuonyesha mkono wake.

Kilichomsukuma upande wa bei ndogo kilitokea kwenye mitaa ya mashariki ya London, fasi ya maskini, ambako nyumba iitwayo Toynbee Hall ilifunguliwa mwaka 1884. Wasomi wa vyuo vikuu waliishi pale pamoja na wakaaji, wakaendesha madarasa ya jioni. Dent akaingia ndani ya kikundi cha kusoma michezo ya Shakespeare. Jioni walipoketi kusoma kwa sauti, kila mmoja alifika na kitabu alichookota popote: mmoja cha babu yake, mwingine cha sokoni, mwingine cha kuazima. Ukurasa haukulingana na ukurasa, maneno hayakulingana na maneno. Mmoja anasoma, mwingine anatafuta yuko wapi. Kitabu kimoja kizuri, sahihi, cha bei ya chini, ambacho wote wangeweza kuwa nacho mkononi, hakikuwepo.

Dent akakifanya. Kati ya 1894 na 1896 akatoa Shakespeare mzima ndani ya vitabu vidogo 40, akimweka msomi Israel Gollancz asimamie maandishi. Kila mchezo ulikuwa na kitabu chake, kila kitabu shilingi 1. Hapo ndipo ujanja wote ulikuwa. Shakespeare mzima kwa mara moja ni mzigo wa bei. Mchezo mmoja kwa mwezi ni kitu ambacho karani ao mshona viatu anaweza kukipangia. Ni akili ile ile ya mama wa sokoni anayeuza unga kwa kopo kusudi mwenye pesa ya leo naye apike leo. Vitabu vile viliuzwa kwa mamilioni ndani ya miaka iliyofuata.

Hesabu ya shilingi moja

Dent hakuwa wa kwanza kuwaza vitabu vya bei rahisi, na si vizuri kumvika taji ambalo si lake peke yake. Kule Leipzig, Ujerumani, familia ya Reclam ilikuwa inatoa vitabu vidogo vya karatasi tangu 1867. Uingereza yenyewe ilikuwa na mfululizo wa Bohn toka miaka ya 1840, ule wa Cassell toka 1886, na The World's Classics toka 1901. Lakini vingine vilikuwa ghali bado, vingine vilikuwa vya karatasi mbaya inayopasuka, na hakuna aliyethubutu kutangaza hesabu aliyoitangaza Dent: vitabu 1,000, vya kila aina ya elimu, kwa bei moja.

Mwenzake ndani ya mpango ule alikuwa Ernest Rhys. Huyu alikuwa injinia wa migodi kabla ya kuwa mwandishi. Alipokuwa kijana kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Durham, aliwatengenezea wachimbaji fasi ya kusomea. Kisha akaenda London kutafuta maisha ya kalamu, akasimamia mfululizo mwingine wa vitabu vya bei ndogo. Kwa hiyo hawa wawili, mtoto wa mpaka rangi na mtu wa mgodi, hawakuhitaji kuelezwa msomaji wao ni nani. Rhys ndiye aliyeleta jina. Alilitoa kwenye mchezo wa kuigiza wa zamani za kati ambamo mtu wa kawaida, Everyman, anaitwa na kifo na kutafuta nani atamsindikiza.

Namna gani kitabu cha kurasa 400 kiliweza kuuzwa shilingi 1, na muuza duka naye abakize chake? Jibu la kwanza ni haki ya mwandishi. Kwa sheria ya wakati ule, kitabu kilikuwa chini ya haki ya mwandishi kwa miaka 42 toka kilipotoka, ao mpaka miaka 7 baada ya kifo chake, ile iliyo ndefu zaidi. Baada ya hapo kilikuwa cha watu wote. Dent na Rhys walikuwa wanahesabu miaka sawa vile mkulima anavyohesabu mvua. Vitabu vya miaka ya 1850 na 1860 vilikuwa vinaiva kimoja kimoja, wao wanachuma.

Jibu la pili ni wingi. Kupanga herufi za kitabu ni gharama ile ile, uchapishe nakala 500 ao 20,000. Dent alichapisha kwa maelfu, akatunza mabamba ya chuma ya kila kitabu kusudi arudie kuchapa bila kupanga upya. Vitabu vyote vilikuwa na kipimo kimoja, karatasi moja, jalada la namna moja. Rangi ya kitambaa tu ndiyo ilibadilika kulingana na aina, historia rangi yake, mashairi rangi yake, safari rangi yake. Mtu aliyekuwa fundi wa majalada tangu utoto alijua pale senti inapopotelea.

Jibu la tatu, ambalo wauza vitabu wengi hawalipendi: kitabu kinachokimbia kilimlipia kinachotambaa. Hadithi za Charles Dickens na za Jane Austen ziliuzwa haraka. Historia ya Ugiriki ya George Grote, ndani ya vitabu 12, haikuweza kwenda mwendo ule, na Dent alijua hivyo kabla ya kuichapa. Akaichapa yote 12. Mwalimu wa shule ya kijijini, ao fundi wa reli aliyetaka kujua mambo ya Athene, alipata kitu ambacho kabla ya hapo kilikaa ndani ya maktaba za vyuo vikuu.

Kitabu namba 1 cha mfululizo wote kilikuwa maisha ya Johnson kwa mkono wa Boswell. Mtu hahitaji kuuliza nani alikichagua.

Mwaka ule wa kwanza vilitoka vitabu zaidi ya 150. Wanunuzi wakazidi nguvu za karakana za London, majalada hayakutosha. Dent akajenga kiwanda kipya Letchworth, mji mpya uliokuwa unajengwa kaskazini mwa London, ambapo uchapaji na ujalidi vilikaa pamoja. Alikopa, akaweka kila kitu mezani.

Nani alilipa bei iliyopungua

Bei ikishuka, kuna mahali inapoangukia. Sehemu moja iliwaangukia wafanyakazi. Dent alikuwa mkono mzito kwa mishahara. Alikuwa na hasira za ghafla. Alipiga kelele ndani ya ofisi, kisha akaweza kulia machozi mbele ya watu wale wale. Frank Swinnerton, aliyekuwa karani kijana kwake na kisha akawa mwandishi wa hadithi, aliyaeleza haya baadaye bila chuki lakini bila kuficha. Rhys naye, aliyesimamia mfululizo wote kwa miaka mingi, hakutajirika nao. Inashangaza kidogo: mtu aliyejua njaa ya kitabu hakuonekana kujali sana mfuko wa yule aliyekishona. Lakini kwa hesabu ya Dent, kila senti iliyoongezwa kwenye mshahara ilikuwa inamsogeza msomaji mbali na shilingi yake.

Sehemu nyingine ilimwangukia msomaji mwenyewe. Herufi zilikuwa ndogo, na aliyesoma usiku kwa taa ya mafuta alizisikia machoni. Vitabu vya Wagiriki, vya Warumi, vya Warusi, mara nyingi vilitoka kwa tafsiri za zamani, juu tafsiri mpya ilikuwa bado chini ya haki ya mtafsiri. Maskini alipata Homer, lakini Homer wa lugha ya babu zake. Kwa utangulizi wa vitabu ilikuwa bahati: Dickens alitanguliwa na G. K. Chesterton, ambaye bado anasomwa kwa utamu, vingine viliandikwa kwa haraka na watu waliosahaulika.

Kuna pia yale yaliyoandikwa ndani. Kati ya vitabu 50 vya kwanza, namba 50 ilikuwa safari ya John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Nile. Ndani yake Speke, akiwa Karagwe mwaka 1861, anaeleza vilele vya mbali alivyoviita Mfumbiro, ni kusema milima ile ya volkano ambayo wakaaji wa Goma na Rutshuru wanaamka kila siku wakiiona. Mfanyakazi wa Manchester aliweza kusoma juu ya milima hii kwa shilingi 1. Aliisoma lakini kwa macho ya Speke, aliyewadharau watu waliompokea na kumwonyesha njia. Dent, kama wachapishaji wengi wa wakati wake, alichapa dharau ile pamoja na milima.

Kongo ilipita mikononi mwake mara nyingine tena. Toka 1912 Dent alikuwa mmoja wa wachapishaji wa Joseph Conrad, yule baharia Mpolandi aliyepanda mto kutoka Kinshasa mpaka Stanley Falls, Kisangani ya leo, mwaka 1890, akarudi mgonjwa. Kuanzia 1923 nyumba ya Dent ilitoa vitabu vya Conrad kwa sura moja, pamoja na ile hadithi ya mto iliyozaliwa na safari ile.

Sheria, kisha vita

Mwaka 1911 bunge la Uingereza likabadilisha sheria: haki ya mwandishi ikawa maisha yake pamoja na miaka 50 baada ya kifo. Kwa wajane na watoto wa waandishi ilikuwa haki. Kwa Dent shamba likapunguka ghafla. Vitabu alivyokuwa anavisubiri kuiva vikasogezwa mbele kwa miaka mingi.

Miaka ile ile alikuwa ameanza kutazama ng'ambo. Vitabu vyake viliuzwa Marekani kupitia E. P. Dutton wa New York. Kwa wasomaji wa Kifaransa alitoa mkusanyiko ulioitwa Collection Gallia, chini ya usimamizi wa Charles Sarolea, Mbelgiji aliyefundisha Kifaransa Edinburgh.

Kisha vita ya 1914 ikafika. Karatasi ikakosekana, wachapaji wakaenda kuwa waaskari, bei ya kitambaa na ya gundi ikapanda. Wawili kati ya watoto wa kiume wa Dent wakauawa vitani. Mzee alikuwa amewajenga watoto wake ndani ya kazi ile. Jina la nyumba lilikuwa limekwisha kubadilishwa kuwa J. M. Dent and Sons, Dent na wanawe.

Shilingi moja haikurudi. Ilipanda hatua kwa hatua, na baada ya vita bei ikawa mara mbili ya ile ya mwanzo. Kwa Dent hili lilikuwa pigo kubwa kuliko hasara ya vitabuni, maana ile bei ndiyo iliyokuwa ahadi yenyewe. Lakini mishahara nayo ilikuwa imepanda, na vitabu vya kwanza, vile vya shilingi, vilikuwa vimeanza maisha ya pili: kwenye meza za mitumba vilipatikana kwa senti chache, na jalada lake la kitambaa lilikuwa bado limeshika. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Wales Kusini walivinunua kwa michango, wakavipanga ndani ya maktaba zao wenyewe. Madarasa ya jioni ya chama cha elimu ya wafanyakazi, kilichoanzishwa 1903, yaliweza hatimaye kufanya kile kilichoshindikana Toynbee Hall: watu ishirini wafungue ukurasa mmoja.

Joseph Dent akafa tarehe 9 mwezi wa tano 1926, akiwa na miaka 76. Vitabu 1,000 vilikuwa havijatimia. Mtoto wake Hugh na wenzake wakaendelea, Rhys akasimamia mpaka uzeeni. Naye akafa 1946, bado havijatimia. Vita nyingine ikapita katikati. Namba 1,000 ilitoka mwaka 1956, miaka 50 baada ya kile cha kwanza. Ilikuwa Metafizikia ya Aristotle, moja ya vitabu vinavyotambaa.